Nani yuko kwenye orodha? Msaada wa corona na wageni, kutoka Johannesburg hadi Lubumbashi

Jumapili moja ya mwezi wa Agosti 2021, baada ya ibada katika moja ya makanisa yetu ya komine ya Katuba, mama mmoja alitusimamisha mlangoni akiwa na simu mkononi. Mtoto wake wa kwanza alikuwa Johannesburg tangu miaka 6, akitumika kazi ya kuchomelea vyuma, na tangu corona iingie kazi ilikuwa ikipatikana siku mbili kwa juma, pengine hata moja haikupatikana. Alikuwa amemwandikia mama yake kwamba serikali ya Afrika ya Kusini imefungua tena msaada wa rand 350 kwa mwezi, na kwamba safari hii hata wenye karatasi ya kuomba ukimbizi wanaweza kujiandikisha. Mama akatuuliza: "Ni kweli, ao ni wale wezi wa kwenye WhatsApp?"

Tulimwambia tutauliza vizuri kwanza. Tuliuliza, na jibu lilikuwa kwamba habari ni ya kweli. Lakini tulipokuwa tukiitafuta tulikutana na mambo mengine yanayotuhusu hapa nyumbani, na hayo tunayaandika pia, hata kama mengine hayatupendezi.

Tuanze na Afrika ya Kusini, kwa kuwa ni vigumu kupata lupangu hapa Lubumbashi isiyo na mtu aliyepita Kasumbalesa akashuka Zambia na Zimbabwe hadi kule. Wakongomani ni miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi na waomba ukimbizi katika nchi hiyo, na wengi wao wametoka Katanga na Kivu. Wanalinda magari, wananyoa nywele, wanauza nguo, wanachomelea vyuma, wengine wana diplome za chuo kikuu na bado wanalinda magari. Kwa kazi za namna hii, siku usiyotoka nyumbani ni siku usiyokula.

Serikali ya kule ilitangaza hali ya maafa tarehe 15 Machi 2020, na mwisho wa mwezi huo watu wote wakafungiwa nyumbani. Tarehe 21 Aprili Rais Cyril Ramaphosa akatangaza mpango mkubwa wa rand bilioni 500, na ndani yake msaada wa rand 350 kwa mwezi kwa mtu asiye na kazi, asiyepokea msaada mwingine wowote wa serikali. Wakati ule rand 350 zilikuwa kama dola 19. Tusidanganyane kuhusu ukubwa wake: serikali yenyewe ilikuwa imehesabu kwamba mtu mmoja anahitaji rand 585 kwa mwezi ili apate chakula tu, bila nyumba, bila sabuni, bila usafiri. Hata hivyo watu kama milioni 6 walipokea msaada huo, na kwa nyumba nyingi ulikuwa ndio unga wa mwezi.

Nani alikuwa na haki? Raia, wageni wenye ruhusa ya ukaaji wa kudumu, na wakimbizi waliokwisha kutambuliwa. Waomba ukimbizi, yaani wale ambao kesi zao hazijakatwa, waliachwa nje. Hapo ndipo penye shida ya Mkongomani. Katika nchi ile mtu anaweza kukaa miaka 8, miaka 10, akibeba karatasi ya muda inayofanywa upya kila baada ya miezi michache, kwa sababu kesi yake bado iko mezani. Kwa jina ni mwombaji. Kwa maisha ni mkaaji: watoto wamezaliwa pale, wanasoma pale, wanasema Kizulu kuliko Kiswahili. Pamoja na hao waliachwa pia Wazimbabwe, Walesotho na Waangola wenye vibali maalumu ambavyo serikali ile ile ilikuwa imewapa.

Kituo kimoja cha Cape Town, Scalabrini Centre, ambacho asili yake ni shirika la mapadre Wakatoliki wanaohudumia wahamiaji, kikampeleka Waziri wa Maendeleo ya Jamii mbele ya Mahakama Kuu ya Pretoria. Tarehe 18 Juni 2020 mahakama ikaamua kwamba kuwaacha watu hao nje ni kinyume cha katiba. Waomba ukimbizi wenye karatasi halali, au waliokuwa nazo halali siku ile ya 15 Machi ilipotangazwa hali ya maafa, waruhusiwe kuomba. Na wale wenye vibali maalumu vilevile.

Uamuzi huo ulikuwa na mzizi wa zamani. Mwaka 2004, katika kesi ya Khosa, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilisikiliza Wasumbiji waliokuwa na ukaaji wa kudumu lakini wakanyimwa fedha za uzee na za watoto kwa sababu si raia. Mahakama ilitazama kifungu cha 27 cha katiba, kinachotoa haki ya msaada wa jamii, ikaona kwamba neno lililoandikwa pale ni "kila mtu". Walioandika katiba wangeweza kuandika "kila raia", kama walivyofanya katika vifungu vingine. Hawakuandika hivyo. Kwa neno hilo moja, wazee Wasumbiji walipata haki yao, na miaka 16 baadaye Wakongomani wakapita katika njia iliyokwisha kukatwa.

Sisi Waprotestanti tukisikia kwamba kesi ilibebwa na kituo chenye asili ya Kikatoliki, pengine tunatafuta na sisi tulikuwa wapi. Tulikuwepo, lakini kwa namna nyingine. Mwisho wa Oktoba 2019, mamia ya wakimbizi, Wakongomani wengi kati yao, walipofukuzwa na polisi mbele ya ofisi za Umoja wa Mataifa za wakimbizi mjini Cape Town, waliingia katika kanisa la Wamethodisti lililo katikati ya mji, kwenye uwanja wa Greenmarket. Walikaa humo miezi, wakidai kupelekwa nchi ya tatu. Kanisa lililowafungulia mlango halikujua watakaa muda gani, na mambo yakawa magumu hata kati ya wageni na wenyeji wao. Tarehe 2 Aprili 2020, wakati wa kufungiwa nyumbani, serikali iliwatoa ikawapeleka kwenye mahema. Kufungua mlango ni jambo jema. Ila wale waliokwenda mahakamani na kitabu cha katiba walifungua mlango kwa watu wengi zaidi, na wengi wa hao hawakuwahi hata kukanyaga Cape Town. Tunaona makanisa yetu yana wachungaji wengi kuliko wanasheria, na wanasheria tulio nao tunawaita siku ya harusi tu.

Mama wa Katuba atatuuliza: kama mahakama iliamua Juni 2020, mbona mtoto wangu hakupata? Hapa tunafika kwenye sehemu ambayo magazeti huiruka. Haki ya kuomba si sawa na fedha mkononi. Maombi yalipitishwa kwenye mashine iliyotengenezwa kusoma namba ya kitambulisho yenye tarakimu 13, na mwomba ukimbizi hana namba hiyo, ana namba ya faili. Ilibidi mfumo mwingine utengenezwe, na huku majuma yanapita na msaada wenyewe ulikuwa umepangiwa miezi 6 tu, Mei hadi Oktoba 2020, ingawa baadaye uliongezwa hadi Aprili 2021. Ofisi za wakimbizi zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020. Serikali ilitangaza kwamba karatasi zote zilizoisha wakati huo zinaongezewa muda zenyewe, lakini tangazo hilo halikuwa limeandikwa juu ya karatasi ya mtu. Mfanyakazi wa dirishani anaona tarehe iliyopita, anasema hapana. Ndugu mmoja wa kanisa letu aliyeko Durban alitusimulia kwamba benki ilifunga akaunti yake kwa sababu hiyo hiyo, akabaki anaonyesha tangazo la serikali kwenye simu kwa mtu ambaye hakutaka kulisoma.

Hata waliokuwa na kazi rasmi hawakuwa salama. Nchi ile ina mfuko wa bima ya wasio na kazi, na mfanyakazi anakatwa kila mwezi kuulisha, raia na mgeni kwa kiasi kile kile. Corona ilipokuja mfuko huo ukaanza kulipa sehemu ya mishahara. Wageni wengi walingoja kuliko wenzao wa kazi moja, kwa maana mfumo haukujua kusoma namba za pasipoti. Wakati wa kukata ulijua kuzisoma.

Tunajua kuna hoja ya upande wa pili, na si hoja ya chuki kila mara. Wakaaji wa Alexandra au Umlazi ni maskini kweli. Wengi wao waliomba rand 350 wakakataliwa na mashine ile ile, kwa kosa la jina au kwa rekodi ya kazi waliyoacha zamani. Wanauliza: serikali isiyotosheleza watoto wake itawezaje kulisha watoto wa jirani? Mwezi wa Julai 2021 tuliona KwaZulu-Natal na Gauteng zikiwaka, watu zaidi ya 300 wakafa, maduka yakaporwa, na ni baada ya moto huo Rais alipotangaza, tarehe 25 Julai, kwamba msaada unarudi hadi Machi 2022. Mwenye njaa anayemtazama mgeni kwenye mstari ule ule hatulizwi kwa hotuba.

Lakini hoja hiyo ina tundu. Mgeni anayenunua sabuni, kiatu au dakika za simu huko Johannesburg analipa kodi ya asilimia 15 sawa na kila mnunuzi mwingine. Analisha kikapu, kisha anaambiwa kikapu si chake. Zaidi ya hayo, virusi havikuuliza pasipoti. Serikali ilipomwambia kila mtu abaki nyumbani, ilimwambia na mgeni, na ilimkamata akitoka. Ukimfungia mtu ndani kwa ajili ya afya ya wote, huwezi kusema chakula chake ni shauri lake. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote, nayo haihitaji katiba nzuri kama ya Afrika ya Kusini. Inatosha kwa nchi yoyote.

Nchi nyingine zilijibu kila moja kwa namna yake. Japani ilitoa yen 100 000 kwa kila mtu aliyeandikishwa kuwa mkaaji siku ya 27 Aprili 2020, mgeni akiwa ndani bila ubishi. Marekani, ambako ndugu zetu wengi wa Kivu wamepelekwa kutoka kambi za Tanzania, Burundi na Uganda, ilitoa dola 1 200 kwa mtu mzima kwa sheria ya Machi 2020, na wakimbizi waliopokelewa rasmi walikuwa na haki, maana wana namba ya bima ya jamii. Asiye nayo hakupata, na mwanzoni hata raia aliyejaza kodi pamoja na mume au mke asiye nayo alinyimwa. Togo ilisifiwa sana kwa kulipa kwa simu ndani ya siku chache tangu Aprili 2020. Namba iliyotumika kumtambua mtu ilikuwa ya kadi ya mpiga kura. Ilikuwa njia ya haraka, tunakubali, lakini mgeni hapigi kura, kwa hiyo alikuwa ameondolewa kabla hata ya mtu yeyote kukaa na kuamua kumwondoa.

Mfano huo wa Togo uliturudisha nyumbani, maana na sisi Kongo kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho. Hesabu ya watu ya mwisho ilikuwa mwaka 1984. Kadi ya uraia wengi wetu hatujaishika. Ukienda benki, ukinunua kadi ya simu, ukisimamishwa na polisi, unatoa ile ya uchaguzi.

Tukumbuke ya hapa. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 23 na 24 Machi Lubumbashi na jimbo lote la Haut-Katanga tulifungwa kwa saa 48 kwa amri ya Gavana Jacques Kyabula, baada ya ndege kuleta watu walioshukiwa kuwa na ugonjwa. Mpaka ukafungwa kwa wasafiri, malori ya bidhaa tu yakapita. Mama aliyekuwa akivuka Kasumbalesa kwenda kuchukua bidhaa Zambia akabaki na mikono mitupu. Makanisa yalifungwa tangu katikati ya Machi hadi Agosti. Malipo ya fedha kwa simu yalikuwepo, kwa mradi wa STEP-KIN uliogharimiwa na Benki ya Dunia, lakini yalikuwa ya mitaa ya Kinshasa. Hayakufika kwetu. Swali la kama mgeni anastahili msaada wa serikali halikutusumbua Lubumbashi, kwani hata mwenyeji hakuwa na msaada wa kuulizia.

Kilichokuwepo ni kile ambacho watu walifanyiana wenyewe. Na hapo tunapaswa kusema ukweli wetu. Mei 2020, baadhi ya makanisa ya mtandao wetu yalichanga unga, mafuta, chumvi na sabuni. Katika kanisa moja tunalolijua vizuri, kwa sababu baadhi yetu tulikuwa kwenye komite, orodha ilitengenezwa kwa haraka. Ili kuepuka watu kujiandikisha mara mbili, tuliandika jina na namba ya kadi ya mpiga kura. Ilionekana busara. Siku ya kugawa, mama mmoja mjane kutoka Kitwe, aliyeolewa hapa, akamzika mume wake hapa, anayeuza mboga kwenye soko la Kenya na kuimba katika kwaya ya wamama, hakuwa kwenye orodha. Hakulalamika. Alisimama kando mpaka magunia yakaisha, akasaidia kufagia. Tulijua baada ya siku tatu, shemasi mmoja alipouliza kwa nini mama wa Zambia hakuitwa.

Hakuna aliyesema wageni wasipewe. Hakuna aliyelifikiria hata kidogo. Tulifanya kosa la Togo kwa daftari na kalamu, bila mashine.

Kisha tulipopitia orodha upya, tulikuta jambo la pili, na hili ni zito kuliko la kwanza. Familia tano zilizokuwa zimefika karibuni kutoka Kasai hazikuwemo pia. Hao ni raia, wana kadi, lakini kiongozi wa eneo alikuwa amewaandika kuwa "si wa hapa". Katanga neno hilo lina damu ndani yake. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai waliozaliwa Likasi na Kolwezi, watoto wa wachimba shaba na wafanyakazi wa reli, walifukuzwa majumbani mwao. Walilala kwenye vituo vya gari la moshi wakingoja behewa, na wengi walikufa hapo au njiani. Baadhi ya waliofukuzwa na baadhi ya waliotazama wanakaa leo kwenye benchi moja kanisani. Kwa hiyo tunapokasirika kwamba Johannesburg inamwita mtoto wetu mgeni, tujue pia kwamba sisi tunaweza kumfanya mgeni mtu asiyevuka mpaka wowote.

Kanisa la kwanza la Yerusalemu lilipata shida ya namna hii, katika Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa lugha ya Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawanyo wa chakula wa kila siku. Maandiko hayasemi kwamba mtu aliwachukia. Walisahauliwa. Mitume hawakuhubiri juu ya upendo siku hiyo, walibadilisha komite: wakachaguliwa watu saba, na majina yao yote ni ya Kiyunani. Usimamizi wa ghala ukapewa watu wa upande ule uliokuwa ukilalamika. Tumelisoma fungu hilo mara nyingi kwa ajili ya kuwabariki mashemasi. Kama fungu juu ya orodha ya chakula hatukuwa tumelisoma.

Katika kanisa tulilolitaja, komite ya mgawanyo sasa ina watu 7, na mama wa Kitwe ni mmoja wao. Pahali pa namba ya kadi panaandikwa jina la mtaa na majina ya majirani wawili wanaomjua mtu. Njia hiyo inachukua muda zaidi. Mara moja mtu alijiandikisha mara mbili, na tuliamua kwamba gunia moja lililopotea ni hasara ndogo.

Kwa wenye watoto na ndugu Afrika ya Kusini, mwaka 2021 mambo yalikuwa hivi. Maandikisho yalifunguliwa tarehe 6 Agosti na yalikuwa bure. Yeyote anayedai malipo ili akuandikishe ni mwizi, hata kama anajiita mchungaji. Walioruhusiwa walikuwa wenye umri wa miaka 18 hadi 59 wasio na kipato, raia, wakaaji wa kudumu, wakimbizi, na safari hii tangu mwanzo waomba ukimbizi wenye karatasi halali na wenye vibali maalumu. Wamama wanaopokea fedha za watoto, ambao mwaka 2020 walikataliwa kwa ajili hiyo, waliruhusiwa. Mwomba ukimbizi alipaswa kuwa na namba ya simu iliyoandikishwa kwa jina lake mwenyewe. Hapa wengi walikuwa hatarini kuanguka, maana kadi za simu zao walinunuliwa na rafiki. Aliyekuwa na karatasi iliyoisha aliweza kutuma maombi ya kuifanya upya kwa intaneti, njia iliyofunguliwa Aprili 2021, na ilifaa atunze jibu alilopewa. Asiyekuwa na karatasi yoyote bado hakuwa na mlango, na mahakama ya mwaka 2020 haikumfungulia.

Kiasi kilikuwa kile kile, rand 350, ambazo Agosti 2021 zilikuwa karibu faranga 47 000. Tuliwaomba wazazi walioko huku wasianze kudai sehemu yao.

Mtoto wa mama wa Katuba alijiandikisha kwa simu ya jirani, ikakataa. Akanunua kadi ya simu kwa jina lake, akaanza tena. Kisha mama alitusomea jibu alilotumiwa: ombi limepokelewa, linachunguzwa.